Karatasi za Mwalimu wa Hesabu

Kila mwaka, ukifika mwezi wa kumi na moja, mwalimu wangu wa hesabu alikuwa akija dukani nilikofanya kazi ili nimchapie karatasi ya kuthibitisha kwamba yu hai. Alikuwa mama wa Kihindi, mjane, mwembamba, sari yake ya pamba imebanwa begani kwa pini, mwavuli mkononi mvua iwepo isiwepo. Akishaitikia shikamoo yangu alivuta kiti, akakaa, akasema, "Andika kwamba nimeonekana."

Nami niliandika. Karatasi ile aliipeleka kwa hakimu. Hakimu alimtazama, akatia sahihi na muhuri kwamba mama huyu amesimama mbele yake akiwa mzima, kisha bahasha ikasafiri hadi kwao, kusini kabisa mwa India. Huko marehemu mume wake alikuwa mhandisi wa madaraja wa serikali, na huko ndiko ilikotoka pensheni ya mjane aliyoishi kwayo. Asipoituma karatasi, walimhesabu amekufa.

"Mwaka mmoja nilichelewa," aliwahi kuniambia. "Nikafa miezi minne."

Habari ninayotaka kuieleza ni ya mwaka alioingia mapema, mwezi wa sita, na karatasi nyingine, orodha ndefu iliyoandikwa kwa kalamu pande mbili. Lakini sitaeleweka nisiposema kwanza alikuwa nani kwangu.

Nilimkuta shuleni nilipoingia kidato cha kwanza. Alikuja nchini kwa mkataba wa kufundisha, muda mfupi baada ya kufiwa na mumewe, akiwa na sanduku moja, na mkataba ukawa unaongezwa kila ulipokwisha. Hakuwa mwalimu wa kuchekacheka. Alikuwa na desturi ya kusimama nyuma ya mwanafunzi, akatazama daftari, akaondoka bila neno, na wewe ukabaki unajiuliza umekosea wapi hadi unapaona mwenyewe.

Nilipokuwa kidato cha tatu nilipata mimba. Nilifukuzwa siku ileile ilipojulikana, kama ilivyokuwa kanuni. Nyumbani kwetu Igoma, baba, aliyekuwa fundi wa kuchomelea vyuma, aliacha kusema nami. Alikuwa akimwambia mama, "Mwambie huyo anisogezee maji," nami nimekaa hatua mbili kutoka alipo. Nilikaa ndani. Nilipotoka nilitoka kwa kupitia nyuma, kwenye mawe, ili majirani wasinione tumbo.

Jumamosi ya tatu mwalimu alibisha hodi. Mama alimwamkia, akamkaribisha kiti, akaanza kulia hata kabla hajaulizwa. Mwalimu alisubiri amalize. Kisha akafungua mkoba wake, akatoa chaki, akaniuliza kama nakumbuka tulikuwa tumefika wapi darasani. Hatukuwa na ubao, kwa hiyo aliandika juu ya mlango wa chumba changu, ambao ulikuwa umepakwa rangi nyeusi.

"Mwalimu," nilimwambia, "mimi nimeshafukuzwa."

"Umefukuzwa na shule," alisema. "Hesabu haijakufukuza. Tafuta thamani ya x."

Alikuja kila Jumamosi, kabla sijajifungua na baada ya kujifungua. Mwanangu alipokuwa analia yeye ndiye aliyembeba ili mikono yangu ibaki na kalamu. Nilifanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, nimekaa na watu wazima ukumbini, nikafaulu. Kisha nikasoma uhazili miezi tisa. Baba alirudi kusema nami siku nilipoleta mshahara wa kwanza, ingawa alianza kwa kusema mvua mwaka huu zimechelewa.

Hiyo ndiyo sababu mwalimu alipoweka orodha ile mezani kwangu, sikumwambia asubiri zamu.

Duka letu lilikuwa Mkuyuni, karibu na soko. Mwenye duka alikuwa mama mmoja wa Kihaya aliyepunguzwa kazi katika ofisi moja ya serikali, naye badala ya kurudi kwao Kagera akanunua mashine mbili za chapa, mashine ya fotokopi, na baadaye mashine ya faksi. Ilikuwa miaka ya ruksa. Vitu ambavyo utoto wetu tulivipangia foleni, sabuni na sukari na dawa ya meno, sasa vilikuwa vimejaa madukani hadi kwenye baraza, na viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vimeota kando ya ziwa. Mashine yetu ya fotokopi ilikuwa bado ngeni. Wapo waliokuja na cheti cha ubatizo kutoa nakala moja tu, waione taa ya kijani ikipita.

"Nisaidie kupanga," mwalimu alisema. "Mimi najua hesabu. Karatasi sizijui."

Alikuwa amestaafu miaka miwili kabla, alipotimiza sitini. Wakati huo alipewa kibali cha kuishi nchini kama mstaafu, na sasa kibali kilikaribia kwisha. Zilikuwa zimebaki wiki saba. Ili kiongezwe, ofisi ya uhamiaji ilimwandikia anavyopaswa kuleta: fomu ya maombi, picha, pasipoti na kibali cha zamani, barua ya kuthibitisha pensheni yake, taarifa ya benki, cheti cha daktari, barua ya serikali ya mtaa anakoishi, na barua ya raia atakayemdhamini.

"Kwa nini usirudi kwenu, mwalimu?" Niliuliza kwa sababu nilidhani ni adabu kuuliza. Moyoni nilikuwa naomba asikubali.

"Kule nina ndugu," alisema. "Hapa nina watu wanaonigongea mlango."

Tulianza na mwenyekiti wa mtaa. Alikuwa mzee wa Kisukuma, fundi cherehani, na ofisi yake ilikuwa kwenye kibanda chake cha ushonaji; muhuri wa mtaa aliuweka kwenye droo moja na vifungo. Alifurahi sana kuombwa barua. Hakutaka niichape, alitaka kuiandika mwenyewe, na alitumia siku mbili. Nilipoisoma jasho lilinitoka. Aliandika kwamba mama huyu hajawahi kukosa msiba wa mtaa wala hajawahi kuonekana kwenye ugomvi wa mtaa, na kwamba anafundisha watoto wetu hesabu kila jioni barazani kwake, na mtaa mzima unamtegemea.

"Mzee," nilisema, "hapa kwenye kufundisha. Kibali cha mstaafu hakimruhusu kufanya kazi."

"Kwani ni uongo?"

"Si uongo."

"Basi nami nimepiga muhuri juu ya ukweli," alisema, akarudi kwenye cherehani yake.

Daktari alimpima akasema ana moyo wa msichana. Picha alipigwa na mpiga picha wa sokoni, zikatoka amekunja uso. Barua ya pensheni alikuwa nayo, imekuja na posta mwezi uliotangulia. Mimi nikachapa barua ya maombi, nikapanga kila kitu kwenye faili la kijani, na siku ya Jumatatu mwenye duka akaniruhusu nimsindikize. Barua ya mdhamini tu ndiyo iliyokuwa haijapatikana. Tulidhani hiyo tutaileta baadaye.

Ofisa aliyetupokea alikuwa mtu wa makamo, miwani imeteremka puani, mwenye desturi ya kusoma karatasi yote hadi mwisho, hata nyuma palipokuwa patupu. Alimwita mwalimu mama, akamwomba akae. Alipofika kwenye barua ya mwenyekiti alinyanyua macho.

"Mama, unafundisha?"

"Ndiyo," alijibu mwalimu, na mimi nikafumba macho.

"Wanakulipa?"

"Hapana. Mmoja aliwahi kuniletea samaki. Nikampikia akala."

Ofisa alisukuma miwani juu. "Samaki si mshahara," alisema, akafungua karatasi iliyofuata. Hiyo ilikuwa barua ya pensheni. Aliisoma, akaichukua pasipoti, akaziweka ubavu kwa ubavu.

"Mama, umezaliwa lini?"

Mwalimu alimtajia.

"Ndivyo inavyosema pasipoti. Barua ya pensheni inasema umezaliwa miaka miwili baadaye. Jina ni moja, siku ni ileile, mwezi ni uleule, mwaka mwingine. Kwenye faili mimi naona wanawake wawili."

Mwalimu alizivuta kwake. Aliinama juu ya zile karatasi mbili kama alivyokuwa akiinama juu ya madaftari yetu, akatazama, na safari hii ndiye aliyeshindwa kuliona kosa.

"Ni mume wangu," alisema hatimaye. "Yeye ndiye aliyejaza fomu za kazini kwake. Alikuwa hodari wa madaraja, lakini siku ya kuzaliwa kwangu hakuwahi kuikumbuka sawasawa."

"Inawezekana," alisema ofisa kwa upole. "Lakini siwezi kupeleka makao makuu karatasi zinazobishana. Tafuta cheti cha kuzaliwa au cha ubatizo kitakachosema ipi ni kweli, kisha uape mbele ya hakimu kwamba hao wawili ni wewe mmoja. Na mdhamini usimsahau."

Tulipotoka hatukupanda gari, tulitembea. Mwaka ule magugu maji yalikuwa yamejaa ghubani, kijani tupu hadi mbali, na mitumbwi ilikuwa imekwama kandokando kama iko nchi kavu. Mwalimu alisema neno moja tu njia nzima. Alisema, "Miaka miwili," kama mtu anayemlalamikia aliyekwisha kufa.

Cheti cha kuzaliwa hakikuwahi kuwepo, maana alizaliwa nyumbani, kijijini. Lakini ukoo wao ulikuwa Wakristo tangu enzi za mababu, na kanisa lao lilikuwa na daftari la ubatizo. Kwa barua ya posta majibu yangechukua mwezi na nusu. Mwenye duka aliposikia akaniambia, "Hiyo faksi nimeinunua ya nini?" Tukaandika barua kwa kaka yake mwalimu, aliyekuwa na rafiki mwenye ofisi yenye faksi mjini kwao. Nilijaribu kuituma asubuhi nne mfululizo. Laini ilikuwa inakatika katikati ya ukurasa. Asubuhi ya tano ilikubali, na mwenye duka alipiga makofi.

Siku kumi na moja mashine haikusema kitu. Siku ya kumi na mbili, nikiwa nachapa kadi za harusi, ikaanza kukoroma na kutoa karatasi polepole. Niliikimbilia. Kulikuwa na picha ya muhuri wa kanisa, na chini yake maandishi ya mkono, herufi za mviringo zilizofungamana kama ukili, hata moja sikuijua.

Nilimpelekea nyumbani kwake. Alivaa miwani, akasogea dirishani, akasoma mstari wa kwanza, kisha akaninyooshea.

"Siwezi," alisema.

"Huioni vizuri?"

"Naiona. Lakini mimi siwezi kuwa mtafsiri wa cheti changu mwenyewe, hakimu hatakubali. Na kama nikisoma sasa, nitajua kabla ya mtafsiri, na nitakuwa na hamu ya kumsahihisha."

Ndivyo alivyokuwa. Mtihani ni mtihani.

Wahindi wa mjini tuliowauliza walisema hawawezi. Wao walikuwa Wagujarati na Wapunjabi, na herufi zile zilikuwa ngeni kwao kama zilivyokuwa kwangu. Ni mwenye duka, aliyekuwa Mkatoliki wa kila asubuhi, aliyekumbuka kwamba kwenye zahanati moja ya misheni upande wa Magu kulikuwa na mtawa mkunga aliyetoka India. Wa sehemu gani ya India, hakujua. Zilikuwa zimebaki wiki nne.

Tulikwenda Jumamosi kwa basi la asubuhi. Ilikuwa msimu wa pamba, na kando ya barabara marobota yalikuwa yamerundikwa yanasubiri malori ya wanunuzi. Zahanati tuliikuta ina mistari ya kina mama wenye watoto. Mtawa alitoka chumba cha kujifungulia akifuta mikono, mwanamke mfupi, mweusi kuliko mwalimu. Mwalimu alimsalimia kwa Kiswahili. Yule mtawa akamtazama, akatazama namna sari ilivyofungwa, akajibu kwa lugha nyingine.

Mwalimu aliweka mkono ukutani. Kisha akajibu kwa lugha ileile, na nilishangaa, kwa sababu sauti yake ilikuwa nyingine kabisa: nyepesi, ya haraka, kama ya msichana anayeitwa na mwenzake kisimani. Waliongea pale mlangoni labda robo saa. Kina mama waliokuwa kwenye mstari wakawa wanawatazama na kutabasamu bila kuelewa neno.

Baadaye tulikaa chini ya paa la ukumbi, mtawa akachukua cheti, akaanza kusoma kwa sauti na kunitafsiria mimi kwa Kiswahili, nami nikaandika. Jina la kanisa. Jina la kijiji. Mwalimu aliposikia kijiji kimetajwa na mtu mwingine, baada ya miaka yote ile, machozi yalimshuka na hakuyafuta. Jina la baba, jina la mama, jina la mama wa ubatizo. Siku ya kuzaliwa, mwezi. Kisha mwaka.

Mtawa aliutaja. Niliuandika, nikaangalia nilichoandika, nikamwangalia mwalimu.

Ulikuwa mwaka wa barua ya pensheni. Pasipoti ndiyo iliyokosea.

"Rudia," alisema mwalimu.

Mtawa alirudia.

"Baba yangu," mwalimu alisema polepole, kama anayekokotoa hesabu. "Shule ilikuwa inapokea watoto wa miaka sita. Mimi nilikuwa na miaka minne, nalia kila siku nimfuate kaka yangu. Baba aliongeza miwili. Cheti cha shule kikazaa cheti cha chuo, na cheti cha chuo kikazaa pasipoti. Hakuna aliyeniambia. Lakini mume wangu alijua. Nadhani alimuuliza mama yangu tulipooana. Na mimi kila mwaka nilikuwa namcheka kwamba hajui kuhesabu."

Hapo alilia kwa kweli. Mtawa alimshika mkono, nami sikujua nifanye nini, nikashika mwavuli wake. Kisha, uso bado umelowa, akaanza kucheka.

"Nimestaafu nikiwa na miaka hamsini na minane," alisema. "Wanafunzi wa miaka miwili wamenipita bure!"

Mtawa hakutuachia tuondoke bila kula. Alitupa wali na samaki, akamfungia mwalimu majani fulani aliyoyapanda nyuma ya nyumba ya watawa, ambayo mwalimu aliyanusa njia nzima tukirudi. Wiki iliyofuata mtawa alikuja mjini kwa shughuli za dawa, akapita kwa hakimu akaapa kwamba tafsiri ni yake na ni sahihi. Mwalimu naye akaapa kwamba yeye ndiye yule wa pasipoti na ndiye yule wa pensheni. Hakimu, ambaye kila mwaka alikuwa akithibitisha kwamba mama huyu yu hai, alimpongeza kwa kurudishiwa miaka miwili.

Ikabaki mdhamini, na wiki mbili na nusu.

Nilimshauri amtumie mwenye duka, ambaye alikuwa tayari. Nilimshauri pia watu wakubwa aliowafundisha. Mmoja alikuwa meneja katika kiwanda cha samaki, mwingine alikuwa mkuu wa idara. Mwalimu alinisikiliza, akasema, "Andika wewe."

"Mimi? Mwalimu, mimi ni mpiga chapa. Nimepanga chumba kimoja."

"Leta fomu."

Niliileta. Alipitisha kidole chini ya maswali. Jina. Uraia. Anuani. Kazi. Umemfahamu mwombaji kwa muda gani, na kwa namna gani.

"Fomu haijauliza vyumba," alisema. "Na kwenye swali la mwisho unamshinda kila mtu uliyemtaja."

Nikaandika barua ya udhamini siku ile mchana, duka likiwa tulivu. Nilieleza kwamba mwombaji alinifundisha hesabu tangu kidato cha kwanza, kwamba nilifaulu mtihani wa kidato cha nne, na kwamba ni mtu wa tabia njema. Alipopita kuichukua aliisoma amesimama nyuma yangu, kama zamani.

"Umeruka hatua," alisema.

"Hatua gani?"

"Kati ya kidato cha tatu na cha nne. Jibu ni sahihi, lakini anayesahihisha hataona umelipataje." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini zaidi, "Kama hutaki, acha. Hii barua itatosha."

Akaondoka. Nilikaa mbele ya mashine. Miaka yote ile nilikuwa nimepita mjini nikiwa mhazili, nikiwa mama wa mtoto, na hakuna aliyeniuliza, na waliojua walikuwa na huruma ya kunyamaza. Sikuwahi kuyaandika mahali popote. Nikavuta karatasi mpya, nikachapa kwamba nilifukuzwa shule kwa mimba. Kwamba wakati baba yangu mzazi alikuwa hasemi nami, mgeni huyu kutoka nchi nyingine alikuja nyumbani kwetu kila Jumamosi bila kuombwa na bila malipo. Kwamba aliandika milinganyo juu ya mlango wetu na kumbeba mwanangu mgongoni. Na kwamba kama serikali inauliza ataishi kwa kipato gani hapa nchini na nani atamwangalia akizeeka, jibu la swali la pili ni mimi. Hakuna nilipokosea herufi.

Ofisa aliisoma hadi mwisho, akageuza nyuma, akarudi mwanzo akaisoma tena. Mwalimu alikuwa anatazama dirishani.

"Huyo mtoto yuko wapi sasa?" ofisa aliniuliza.

"Yuko darasa la pili, afande."

"Hesabu anaziweza?"

"Yumo miongoni mwa wale wa barazani."

Alivua miwani akayafikicha macho. "Karatasi zimekamilika," alisema. "Mimi si wa kuamua, nazipeleka. Lakini zimekamilika." Kisha akasimama. Alikuwa mtu mzima, na cheo, na mezani kwake palikuwa na watu wanasubiri, lakini alisimama, akamwambia mwalimu, "Shikamoo, mama."

"Marahaba," mwalimu alisema.

Tulisubiri wiki tano. Kibali cha zamani kilipokwisha alipewa karatasi ya muda, akaiweka ndani ya Biblia. Jibu lilipofika, ofisa alituma ujumbe kwa simu ya duka, na mimi ndiye niliyeipokea. Miaka miwili zaidi. Nilifunga mashine, nikaenda mbio hadi kwa mwalimu na viatu mkononi, kwa sababu njia ya kwake ilikuwa ya kupanda juu ya mawe. Nilimkuta na watoto saba na ubao. Nilipomweleza aliinamisha kichwa kidogo, akawaambia watoto waendelee na swali la nne, akaingia ndani. Alikaa huko muda mrefu. Watoto walimaliza swali la nne na la tano, na wakajiongezea la sita.

Kibali kiliongezwa mara tatu nyingine baada ya hapo, na kila mara karatasi tulizipanga pamoja, na hazikusumbua tena. Kisha macho yake yakaanza kuwa na ukungu, na binti wa kaka yake, daktari wa macho, akaja kumchukua. Mwalimu hakubishana. Alisema amekokotoa, na jibu ni hilo.

Siku ya safari watu walijaa kwake tangu asubuhi. Mwenyekiti wa mtaa alimshonea mkoba wa kitenge, akahutubia hadi akaambiwa ndege haingoji. Mama yangu alitoka Igoma, na baba pia, amevaa koti. Baba alimshika mwalimu mikono yote miwili, akataka kusema kitu, kikamshinda. Mwalimu akamwambia, "Najua, baba. Najua." Mwanangu, aliyekuwa ameshaingia sekondari kwa wakati huo, alibeba sanduku.

Uwanjani nilikuwa nimejiandaa kumshukuru. Nilikuwa nimeyapanga maneno usiku kucha. Niliposimama mbele yake yakanitoka yote, nikabaki nasema asante, asante, asante, kama mtoto aliyepewa peremende. Alinisubiri nimalize, kama alivyomsubiri mama yangu Jumamosi ile. Kisha akanipangusa uso kwa ncha ya sari, akashika mkono wa binti wa kaka yake, akaenda.

Mwenye duka alikuwa amenipa ruhusa ya siku nzima, lakini nilirudi kazini. Kulikuwa na msichana anasubiri na barua ya kuomba chuo, imeandikwa kwa penseli, imekunjwa mara nne. Nilimwambia avute kiti.